SOMO LA KOMPYUTA: DISKI AU PROSESA?



Somo hili tunaliandika kwa wenzetu wote wa mwambao wa Ziwa Mweru wanaosoma Kiswahili: wale wa Nchelenge na Kashikishi, wale waliovuka kutoka Kilwa na Pweto, wale wa makazi ya Mantapala, na wale ambao wazazi wao walikuja zamani kutafuta kazi wakabaki. Tunaomba msomeane katika matawi. Asiyejua kusoma asikilize, na anayejua asome polepole.

Katika mikutano tumeulizwa swali hili mara nyingi: “Tawi letu limepewa kompyuta kuukuu. Inakwenda kama kobe. Fedha tulizo nazo zinatosha kipuri kimoja tu. Tununue prosesa au tununue diski?” Wenzetu wengine hucheka wakisikia swali hili. Husema kwamba mchuma majani au mbeba magunia hana haja ya kujua mambo ya kompyuta, hayo ni ya makarani.

Sisi tunasema anayo haja. Siku zako za kazi, saa zako za ziada, michango yako ya pensheni, vyote vimo ndani ya mashine ya mwajiri. Usipojua vinakaa wapi, hutajua siku vitakapopotea. Kwa hiyo tutafundisha kwa kutumia kompyuta za zamani, zile za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Hizo zilifunguka kwa bisibisi, na kila kiungo kilionekana kwa macho. Ukizielewa hizo, za leo hazitakusumbua.

1. HABARI ILIYOTUFUNDISHA

Mwaka 2004, katika shamba moja kubwa ambalo jina lake tunaliacha, ofisi ya mishahara ilikuwa na kompyuta moja iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi. Sisi wengine tulikuwa bado vijana, tukipanga mstari dirishani kila mwisho wa mwezi. Mishahara ilichelewa siku mbili, mara nyingine tatu. Karani alisema mashine imechoka.

Wakubwa wakaagiza prosesa mpya. Ikaja, ikafungwa, na tukaambiwa kwamba sasa mashine ina nguvu mara mbili. Mwisho wa mwezi mishahara ikachelewa vile vile. Karani akatuambia pia kwamba mashine inalia ndani, sauti kama chuma kinachokwaruza chuma. Hakuna aliyejali. Baada ya miezi michache diski ikafa. Prosesa ilikuwa mpya kabisa, lakini majina yetu yote na miaka yetu yote ya kazi vilikuwa katika ile diski. Nakala nyingine haikuwapo.

Mwaka 2006 watu wakapunguzwa kazini. Ofisi ikasema itahesabu mafao kuanzia tarehe ambayo daftari jipya lilifunguliwa, kwa kuwa la zamani halipo. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta hati za mishahara. Mzee mmoja alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane. Mkewe alizihifadhi hati zake ndani ya kopo la maziwa, zimefungwa kwa uzi wa nyavu, kila mwezi na mwaka wake. Huyo alilipwa haki yake. Jirani yake walianza naye kazi siku moja, lakini nyumba yake iliwahi kuvuja mvua na karatasi zake zikaoza. Huyo alilipwa miaka miwili.

Hii ndiyo sababu ya somo hili.

2. PROSESA NA DISKI NI VITU GANI

Prosesa ni kibao kidogo chenye kufanya hesabu. Hujumlisha, hutoa, hulinganisha, na hutoa amri kwa viungo vingine. Haitunzi kitu. Ukizima umeme, haikumbuki hata jambo moja. Ni kama fundi hodari asiyejua kusoma wala kuandika: mpe kazi ataifanya mara moja, lakini kesho hakumbuki aliyemtuma.

Diski ngumu ni ghala. Ndani ya kisanduku cha chuma kilichozibwa mna sahani zinazozunguka. Juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo kilichoshikwa na mkono, na kichwa hicho husoma na kuandika kwa nguvu ya sumaku bila kuigusa sahani. Ukizima umeme sahani husimama, lakini maandishi yake hubaki.

Kati ya hivyo viwili kuna kumbukumbu ya muda. Hiyo ni kama meza ya karani. Kitabu hutoka ghalani kikawekwa mezani, fundi akakifanyia kazi, kisha kikarudishwa ghalani. Umeme ukikatika, kila kilichokuwa mezani hupotea, na kilichokwisha kurudi ghalani huwa salama.

Yafaa pia tujue kwamba vitu hivi havitoki mbinguni. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa diski walianza kuacha kupaka sahani oksidi ya chuma, wakatumia utando mwembamba wenye kobalti. Kobalti ni madini ya Katanga na ya Ukanda wa Shaba. Prosesa nazo hutengenezwa kwa silikoni inayotokana na mchanga. Nyaya zake za ndani zilikuwa za alumini mpaka kampuni ya IBM ilipotangaza mwaka 1997 kwamba imeweza kutumia shaba. Katika miaka ya 2000 wenzetu waliona kwa macho yao shaba na madini ya fedha ya Dikulushi yakivushwa ziwani kutoka Kilwa ya Kongo hadi Nchelenge, kisha yakipakiwa katika malori kwenda mbali. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kompyuta ni jambo lisilotuhusu. Jasho letu limo ndani yake.

3. MASHINE ZILIVYOKUA

Kompyuta ya ofisi ya IBM ilitoka Marekani mwezi Agosti 1981. Prosesa yake iliitwa 8088, na mapigo yake yalikuwa milioni 4.77 kwa sekunde, yaani megahezi 4.77. Haikuwa na diski ngumu. Ilitumia disketi, zile za plastiki zilizopinda mkononi. Mwaka 1983 ikatoka ile iliyoitwa XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Mwaka 1984 ikatoka AT, prosesa 80286 ya megahezi 6, na diski ya megabaiti 20.

Prosesa 386 ilitangazwa mwaka 1985, na 486 mwaka 1989. Ile 8088 ilikuwa na vijiswichi vidogo kama 29,000 ndani yake, na 486 ilikuwa na milioni 1.2. Mwaka 1993 ikaja Pentium.

Diski nazo zilikua. Kampuni ya Seagate ilitoa mwaka 1980 diski ngumu ya kwanza ya ukubwa wa inchi 5.25, ikabeba megabaiti 5. Kabla ya hapo, mwaka 1956, mashine ya IBM iliyobeba herufi milioni 5 ilihitaji sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24. Kitu cha kujaza chumba kikawa kitu cha kubeba mkononi.

Kwa kuwa kompyuta nzima ilikuwa ghali, watu walitafuta njia ya kuibadilisha kiungo kimoja kimoja. Ndipo zikaja prosesa za kubadilishia. Kampuni ya NEC ilitoa V20, iliyoingia katika tundu lile lile la 8088 na kwenda haraka kidogo. Mwaka 1992 Cyrix ilitoa prosesa iliyoweza kukaa katika ubao wa 386 ikafanya baadhi ya kazi za 486. Mwaka huo huo Intel ilianza kuuza OverDrive kwa wenye 486, ambayo ndani yake mapigo yalikuwa mara mbili ya mapigo ya ubao. Mwenye megahezi 25 akapata 50.

Tangazo la namna hii humvutia mtu. “Mara mbili!” Lakini mara mbili ya nini? Hapo ndipo pa kusimama na kufanya hesabu.

4. NANI ANAMSUBIRI NANI

Ndugu, tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mtu ana mashua ya kuleta chisense kutoka visiwani mpaka Kashikishi. Safari inamchukua saa moja. Akifika, anasubiri saa tatu kwa sababu wapakuzi ni wawili na mizani ni moja. Jumla saa nne. Sasa ananunua injini yenye nguvu mara mbili. Safari inakuwa nusu saa. Je, kazi yake imekuwa mara mbili? Hapana. Ilikuwa saa nne, sasa ni saa tatu na nusu. Angeajiri wapakuzi wawili wengine na kupata mizani ya pili, zile saa tatu zingekuwa moja na nusu, na jumla ingekuwa saa mbili na nusu. Injini ingebaki ile ile ya zamani.

Prosesa ni injini. Diski ni mahali pa kupakulia.

Tutazame diski yenyewe. Diski moja iliyoenea sana katika miaka ya 1980, Seagate ST-225 ya megabaiti 20, ilihitaji kwa wastani sehemu 65 za elfu za sekunde kupeleka kichwa mahali panapotakiwa. Sahani yake ilizunguka mara 3,600 kwa dakika, maana yake mara 60 kwa sekunde. Kwa wastani kichwa husubiri nusu ya mzunguko ili neno linalotafutwa lifike chini yake, na hiyo ni kama sehemu 8 za elfu. Jumla sehemu 73.

Kwetu muda huo ni kufumba na kufumbua. Kwa prosesa ya megahezi 4.77, huo ni muda wa mapigo karibu 350,000. Kwa prosesa ya megahezi 50 ni mapigo zaidi ya milioni tatu na nusu. Yote hayo yanapita huku ikisubiri jina moja la mfanyakazi litoke ghalani. Kumbe prosesa mpya haiifanyi diski iende haraka. Inakuwa inasubiri kwa gharama kubwa zaidi.

Tuseme kuna majina 1,000 yaliyotawanyika diskini. Kuyatafuta moja moja kwa diski ile ni sekunde 73. Kwa diski ya mwanzo wa miaka ya 1990 iliyohitaji sehemu 16 za kupeleka kichwa na 8 za kusubiri mzunguko, ni sekunde 24. Umeokoa sekunde 49 kwa kila mapitio, na prosesa hujaigusa.

Sasa tufanye hesabu ya kazi nzima. Tarakimu hizi ni za mfano wa darasani.

Kazi ya kwanza: orodha ya mishahara huchukua dakika 60. Kati ya hizo, 40 ni za kusubiri diski na 20 ni za hesabu. Ukiweka prosesa yenye kasi mara mbili: 40 na 10, jumla 50. Ukiweka diski yenye kasi mara tatu: kama 13 na 20, jumla 33.

Kazi ya pili: hesabu ndefu ya bajeti ya chama huchukua dakika 60, lakini 10 tu ni za diski na 50 ni za hesabu. Prosesa ya mara mbili: 10 na 25, jumla 35. Diski ya mara tatu: kama 3 na 50, jumla 53.

Mmeona? Katika kazi ya kwanza diski ni bora, katika ya pili prosesa ni bora. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba kipuri fulani ni bora siku zote. Swali la kwanza ni: kazi yako ni ipi, na muda wako unapotea wapi? Mhandisi Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako haiwezi kupita ukubwa wa sehemu hiyo. Wavuvi walilijua kabla yake.

Kazi za chama chetu ni za namna gani? Majina, kadi, michango, barua. Nyingi ni za kutafuta na kuandika. Ni kazi za ghala.

5. TAA YA MBELE

Hakuna haja ya kukisia. Kompyuta nyingi za zamani zina taa ndogo mbele inayowaka wakati diski inafanya kazi. Mkae wawili mbele ya mashine, mmoja aanzishe kazi ya kila siku na mwingine aangalie taa.

Ikiwa mnasubiri na taa inawaka karibu wakati wote, mnaisubiri diski.

Ikiwa mnasubiri na taa imezimika, mnaisubiri prosesa.

Kuna mtego mmoja. Mashine zilizotumia programu ya Windows kuanzia 386 ziliweza kutumia diski kama meza ya ziada pale kumbukumbu ya muda ilipojaa. Hapo taa huwaka bila kupumzika na mtu hudhani diski ni mbovu, kumbe meza ni ndogo. Dawa yake ni kuongeza kumbukumbu.

Na kabla ya kutumia fedha yoyote, safisheni ghala. Futeni yasiyotakiwa, mkiwa mmekwisha kutoa nakala. Faili moja ikikatwa vipande vikatawanyika diskini, kichwa hukimbia huku na huko kuvitafuta. Kuanzia mwaka 1993 programu ya MS-DOS 6 ilikuja na chombo cha kuvipanga vipande hivyo pamoja. Kazi hiyo ni bure, na mara nyingine inatosha.

6. KIPURI KIINGIE MAHALI PAKE

Boliti ya inchi haiingii katika nati ya milimita. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Kwa prosesa, tazameni mambo matatu. Kwanza, miguu: 286 ilikuwa na 68, na 486 ilikuwa na 168. Mguu mmoja ukipinda mashine haiwaki. Pili, nguvu ya umeme: 486 za kwanza zilitumia volti 5, lakini DX4 ya mwaka 1994 ilitumia volti 3.3. Ukiichomeka hiyo katika tundu la volti 5 bila kipunguzi, unaunguza fedha za wanachama. Tatu, joto: yenye kasi zaidi hupata moto zaidi, inataka feni, na feni inataka kufutwa vumbi. Barabara zetu mnazijua.

Kwa diski, tazameni waya. Za zamani zaidi zilikuwa na waya mbili bapa, mmoja wenye nyuzi 34 na mwingine wenye 20, pamoja na kadi yake maalumu. Zile zilizofuata, za aina ya IDE, zilikuwa na waya mmoja wenye nyuzi 40. Aina hizo mbili haziingiliani. Diski mbili za IDE zikikaa katika waya mmoja, hapana budi moja ipangwe kuwa ya kwanza na nyingine ya pili kwa kijichuma kidogo cha kuchomeka. Waliozitengeneza waliziita “bwana” na “mtumwa”. Sisi katika tawi tunasema ya kwanza na ya pili, na zinafanya kazi vizuri.

Tazameni pia ukubwa. MS-DOS za kabla ya toleo la 4 la mwaka 1988 kwa kawaida hazikuweza kutumia zaidi ya megabaiti 32 kwa fungu moja la diski. Mashine nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 hazikuona zaidi ya herufi milioni 528. Kununua diski kubwa kupita kiasi ni kununua gunia la shehena kwa baiskeli isiyo na kiti cha nyuma.

Jambo la mwisho hapa, na msilisahau. Mashine za aina ya AT na zilizofuata zina betri ndogo inayotunza maelezo ya diski. Betri ikifa, mashine husema haina diski. Watu wengi wameitupa diski nzima kwa sababu ya betri. Badilisheni betri kwanza, andikeni upya tarakimu za diski zilizo katika karatasi yake ya juu, ndipo mseme imekufa.

7. KIPI KIKIFA NI HASARA

Mpaka hapa tumepima kasi. Sasa tupime hasara, na hapo ndipo lile shamba la mwaka 2004 lilipokosea.

Prosesa haina kiungo kinachozunguka. Isipochomwa na joto au umeme mbaya, huishi muda mrefu. Ikifa, unanunua nyingine, unawasha, na kila kitu kiko pale pale.

Diski ina mota, ina mkono, ina kichwa kinachoelea karibu sana na sahani inayokimbia. Huchakaa kama chombo chochote cha kuzunguka. Diski kama ST-225 haikujua hata kukilaza kichwa mahali salama inapozimwa. Ilikuwa lazima mtu atoe amri ya kukilaza kabla ya kuhamisha mashine. Asiyefanya hivyo, akaibeba katika lori la barabara mbovu, kichwa kilipiga sahani njia nzima. Umeme ukikatika wakati kichwa kinaandika, ukurasa uliokuwa ukiandikwa huharibika. Wote tunakumbuka mwaka 2024, maji ya Kariba yalipopungua kwa ukame, namna umeme ulivyokuwa ukikatwa saa nyingi kila siku.

Diski ikifa, unaweza kununua nyingine yenye ukubwa ule ule kwa bei ile ile, lakini miaka kumi na minane ya mtu hainunuliwi dukani.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa matawi ni huu, kwa mpangilio:

Kwanza, toeni nakala. Kabla ya bisibisi kugusa mashine, nakala mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Nakala iliyo juu ya kabati lile lile itaungua pamoja na kabati.

Pili, ikiwa diski ni ya zamani au inalia, badilisheni diski hata kama kasi yake inawaridhisha.

Tatu, ongezeni kumbukumbu ikiwa mashine inakubali.

Nne, zikibaki fedha, na taa imeonyesha hivyo, nunueni prosesa.

Na diski iliyotolewa isiuzwe sokoni wala isipewe watoto kuchezea. Ina majina ya wanachama. Ikiisha kazi, itobolewe sahani zake mbele ya mashahidi.

8. MASHINE ZA SIKU HIZI

Vijana watasema hayo yamepitwa na wakati. Viungo vimebadilika, kanuni haijabadilika. Katika kompyuta nyingi za kubeba za leo, prosesa imeunganishwa na ubao kwa risasi, huwezi kuibadilisha. Lakini katika nyingi za miaka iliyopita kidogo, zile zinazouzwa zikiwa zimetumika, unaweza kutoa diski ya kuzunguka ukaweka SSD, yaani ghala lisilozunguka, lisilo na kichwa wala mota. Mashine iliyochukua dakika kadhaa kuwaka huamka upesi, na prosesa ni ile ile. Wapakuzi wameongezwa, injini haikuguswa.

Hata hivyo SSD nayo hufa, na mara nyingine hufa kimya, bila kulia kwanza. Kwa hiyo nakala ni lazima vile vile.

9. TUNALODAI

Ndugu, elimu isiyofika katika mkataba ni maneno tu. Zambia ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2019, na ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2021 inayompa mtu haki ya kujua yale yaliyoandikwa juu yake. Michango ya NAPSA ni asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 5 kutoka kwa mwajiri. Hivyo vyote havina maana ikiwa daftari limekufa na hakuna nakala. Tunapokwenda kujadiliana na mwajiri, tuweke mezani mambo haya manne:

(a) Kila mfanyakazi apewe hati ya mshahara ya karatasi kila mwezi, yenye tarehe aliyoanza kazi.

(b) Kumbukumbu za kazi ziwe na nakala mbili nje ya mashine, na moja ikae nje ya ofisi.

(c) Kompyuta ikibadilishwa au kufunguliwa, mwakilishi wa wafanyakazi awepo kuona kwamba majina yote yamehamishwa, kwa kuhesabu kabla na baada.

(d) Daftari likipotea mikononi mwa mwajiri, hasara isiwe ya mfanyakazi. Neno la wenzake na karatasi alizo nazo zikubaliwe kuwa ushahidi.

Nanyi majumbani, kila mmoja atafute kopo lake. Liwe na kifuniko, likae juu, mbali na mvua na mchwa. Uvuvi unapofungwa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, jioni moja mkae mke na mume mpange hati kwa miezi, mwone upi haupo, na mwende ofisini kuudai mapema, karani akiwa bado anakumbuka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI

1. Kompyuta ya ofisi yenu ya mishahara ina umri gani? Nani ana nakala?

2. Kazi moja huchukua dakika 90, na 60 kati yake ni za kusubiri diski. Mkiweka prosesa ya kasi mara mbili, itachukua dakika ngapi? Mkiweka diski ya kasi mara mbili, je?

3. Mashine inasema haina diski. Tajeni mambo mawili ya kutazama kabla ya kununua nyingine.

4. Katika tawi lenu, ni wangapi wanaoweza kuonyesha hati ya mshahara wao wa kwanza? Andikeni majina ya wasioweza, mtuletee.

Majibu ya swali la pili: dakika 75, na dakika 60. Majibu ya swali la nne tunayasubiri kutoka kwenu kabla ya mazungumzo ya mkataba.

Umoja ni nguvu.